Fundi Bomba na Juisi za Watu

Hakuna kilichomuudhi mke wa fundi bomba kama adabu ya mumewe. Mwanamume huyo hakujua kukataa kinywaji nyumbani kwa mtu. Azibue sinki hapa, aletewe chai; abadilishe bomba kule, aletewe juisi. Naye hushukuru na kugugumia, ilhali figo zimeshakufa na mkojo hautoki.

Ubishi ulikuwa wa tangu mwanzo. Miguu ilipovimba, alisema ni viatu. Alipoanza kutapika na kushindwa kulala chali, alisema ni uchovu, mpaka daktari akamwambia figo zimebaki jina tu, na bila mashine ya kusafisha damu hamalizi mwezi. Sasa mara tatu kwa wiki anachomwa sindano mbili mkononi. Damu hutoka kwa moja, hupita kwenye chujio, huacha uchafu na maji yaliyozidi, kisha hurudi kwa nyingine. Lakini maji yakiwa mengi, mashine huyavuta kwa nguvu mpaka presha inashuka. Jumatatu ilishuka hivyo, macho yakamgeuka. Nesi akamwambia mke, "Mama, akija na maji hivi tena, moyo hautahimili."

"Kwa nini huwaambii watu unaumwa?" mke alimuuliza wakirudi.

"Nani atampa kazi mgonjwa?"

Jibu hilo lilimkasirisha mke. Kesho yake akamfuata kazini. Alimkuta jikoni kwa mteja, juisi i mdomoni. Akampokonya.

"Dada, mume wangu hakojoi," alimwambia mwenye nyumba. "Kila mnachomnywesha kinaishia kwenye mapafu. Mnamzamisha kwa ukarimu wenu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwenye nyumba alimtazama, akatazama maji yaliyotapakaa chini ya sinki.

"Poleni jamani," alisema. "Sasa hii kazi ataiweza, au nitafute mwingine?"

"Ataimaliza leo. Kesho yuko kwenye mashine. Ukitaka fundi mzima, mtafute."

Mwenye nyumba akachukua simu, akampigia fundi mwingine mbele yao.

Fundi alikusanya spana zake, na tangu siku hiyo hamsemeshi mkewe. Mke humpimia maji yake ya siku, humwekea mezani na kuketi mbele yake. Jirani alipomwonea huruma kwa kununiwa kiasi hicho, alijibiwa kwa ukali, "Mwache anune. Maiti hainuni."