Hisa Hupasuliwa Kama Korosho

Mwaka hisa zilipoanza kuuzwa benki hapa Mtwara, mbele yangu kwenye foleni alisimama mkulima wa korosho kutoka Mtawanya.

"Kampuni hii inatengeneza nini?" alimwuliza karani.

"Saruji, mzee."

"Alhamdulillahi, si pombe. Na inakopa kwa riba?"

"Hilo sijui. Ila bei inapanda."

Mzee akafanya vidole viwili kama mkasi. "Mwanangu, mnunuzi wa korosho zangu haridhiki na ganda. Huzipasua kwanza, aone kiini. Na mimi naipasua hisa yenu."

Foleni ilicheka. Mimi nilitazama fomu yangu, niliyokwisha kuisaini bila kujua kampuni yenyewe inauza nini. Mzee wangu, popote ulipo, ahsante sana. Zamu yangu ilipofika nilimwambia karani, "Na mimi nipasulie."