Ushuru wa Tigre

Mzee Twahiru, fundi cherehani wa mtaa wa Jabe, alikuwa haogopi mtu. Aliwahi kumrudisha bwana harusi nyumbani akaoge kwanza ndipo ampime suti, na kila aliyepita mbele ya cherehani yake aliambiwa ukweli kuhusu pindo la suruali yake, aombe asiombe. Lakini Mungu hampi mja vyote. Mwanamume huyo mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake alimwogopa mbwa, tena mmoja tu, maana huyo mmoja alimtosha.

Mbwa aliitwa Tigre, na mwenyewe alikuwa Dévote, mwalimu mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Orlane. Binti yake Orlane alipoolewa akahamia Kinama, wezi waliruka ukuta mara mbili katika mwezi mmoja. Mara ya pili Dévote alikuwa ndani, kajifungia chooni, akisikia sufuria zake zikiondoka moja moja. Ndipo akamleta Tigre. Tangu hapo hakuibiwa hata kijiko, na usingizi ukamrudia.

Shida ni kwamba kichochoro cha kwenda msikitini kilipita kwenye geti lake, na njia nyingine haikuwapo. Sala tano, kwenda na kurudi, ni mara kumi. Mara kumi kwa siku Tigre alilirukia lile geti la bati, na mara kumi Mzee Twahiru aliukumbatia ukuta wa pili, dua zote zimemruka kichwani.

"Mutu muzima unatetemeka," mkewe Khadidja, mama wa Yasmina, alimcheka, "na imbwa yenyewe imefungiwa!"

"Mama Yasmina, we uliisha kuona meno yake? Mi niliyaona. Kwa chini ya geti."

Siku moja alikuwa akitoka sokoni na ndagala wakavu kwenye karatasi. Tigre akabweka, karatasi ikamponyoka, na visamaki vitatu vikateleza chini ya geti. Kelele zikakatika papo hapo. Mzee Twahiru alisikiliza ule ukimya akauona mtamu kama halua. Kuanzia siku hiyo mfuko wa kanzu yake haukukosa ndagala, na hakumwambia mtu, hata Khadidja, ambaye alishangaa tu kwamba kanzu zimeanza kunuka ziwa.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Ya pili, Tigre alianza kubweka kabla mzee hajafika, kama mtu anayekumbusha haki yake. Ya tatu akawabwekea wote, maana atajuaje nani kabeba nini? Aliwabwekea wauza mboga, akambwekea imamu, akaamsha watoto wachanga wa nyumba sita. Mzee Twahiru akapandisha ushuru kutoka ndagala watatu hadi watano. Na bila haya, aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa yeye. Mnaniuliza kama kweli hakuelewa alichokuwa akikifanya? Mtu huelewa anapotaka.

Mashtaka akayapeleka mwenyewe kwa Népomuscène, mkuu wa mtaa, naye akapanga shauri lisikilizwe Jumamosi, baada ya kazi za pamoja. Siku hiyo watu walizibua mtaro, wakanawa, wakakusanyika na majembe yao. Mzee Twahiru alikuwa amekimbia nyumbani kuvaa kanzu nyeupe, ili maneno yake yawe na uzito. Akasema juu ya amani ya mtaa na adabu ya ujirani, akataka mbwa aondolewe, na alisema vizuri, hilo tumpe.

Dévote alisimama na Tigre kwenye kamba, kama alivyoagizwa.

"Shefu akisema aende, ataenda kwa Orlane, kule Kinama. Mi sitaki kugombana na majirani. Lakini muniambie kwanza, usiku mi nitalala namuna gani?"

Mzee Twahiru akatazama viatu vyake. Khadidja alipofanyiwa operesheni, ni mwanamke huyu aliyebeba uji hospitalini asubuhi kumi na mbili mfululizo. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

Ndipo Tigre akavuta kamba, ikamtoka Dévote mkononi. Watu wakatawanyika. Mbwa akapita katikati yao bila kumtazama yeyote, akafika kwa Mzee Twahiru, akaketi, akaingiza pua yake mfukoni mwa ile kanzu nyeupe na kuanza kulamba kitambaa.

"Mzee," Népomuscène aliuliza taratibu, "hii imbwa inakujua?"

Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, mkuu huyo akamfungulia mlango wa kutokea: "Ao pengine inasikia tu harufu ya samaki ya jana?"

Mzee Twahiru alifungua mdomo aupokee mlango huo. Akamwona Dévote akiutazama mkono wake mwenyewe, mtupu bila kamba. Akaugeuza mfuko nje, ndagala watano wakaanguka.

"Apana, shefu. Ni mimi. Juu ya woga. Kila siku niko naipa, mara kumi. Ni mi nimeifundisha. Mama Orlane, unisamehe."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi sokoni.

"Kumbe ni we uliweka bariyeri ya ushuru," Népomuscène alisema akijifuta machozi, "halafu unakuja kushitaki bariyeri!"

Khadidja alisema neno moja tu: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Hukumu ikawa kwamba Tigre abaki, na Mzee Twahiru apite mfuko mtupu, abwekewe na anyamaze, mpaka mbwa asahau. Mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo jioni ile kanzu ilifuliwa mara saba, mara moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Khadidja alihesabu kwa sauti, ua mzima ukimsaidia.

Siku tano alipita akitoa jasho. "Vumilia, mzee!" Dévote alimwambia kutoka ndani. Siku ya sita, akienda sala ya alasiri, geti lilikuwa kimya. Alisubiri. Kimya. Hicho ndicho alichokiomba kwa Mungu miezi minne mizima. Akavuka kichochoro, akainama kwenye upenyo wa chini, akaona jicho moja likimtazama.

"Tigre," aliita kwa sauti ya chini, "we uko mugonjwa?"