Baba Yako Anywe?

Mwalimu Bundi alikuwa amekwenda langoni mara saba, na hata saa nne haijafika. Wageni wa kutoka Embu walikuwa wanakuja kumposa bintiye Kinya, na pale kijijini Kiirua kila mtu alidhani ni furaha inayomzungusha uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Furaha gani! Mtu alikuwa anaogopa pembe ya kunywea.

Desturi yenyewe ni hii. Wageni huleta pombe ya asali, kisha msichana anaulizwa mbele ya wote, "Baba yako anywe?" Akisema anywe, anaonja na kumpelekea baba pembe, baba anakunywa, posa imekubaliwa. Akisema asinywe, amemkataa mchumba, na wageni wanabeba kibuyu chao wanarudi kwao. Hakuna jibu la tatu.

Na Bundi alikuwa na miezi kumi na minne bila kuonja hata tone.

Angemwambia nani? Kabla ya korona alikuwa mnywaji wa Jumamosi tu: bia mbili na walimu wenzake, porojo kidogo, halafu nyumbani mapema. Kisha shule zikafungwa, baa zikafungwa, kila mtu akajifungia kwake. Bundi akajua kununua kwa mlango wa nyuma na kunywea stoo, katikati ya magunia ya viazi, peke yake. Baa zilipofunguliwa hakurudi. Baa ina macho ya watu, stoo haina. Usingizi ukamtoroka, moyo ukawa unamwenda mbio kila asubuhi, akawa analia na hajafiwa. Mkewe Gatakaa akawaambia majirani ni presha. Kanisani nao, wasijue lolote, wakamfanya mzee wa kanisa! Mikono ikitetemeka na kitabu cha nyimbo, wanasema ni upako.

Siku moja wakati ule wa kufungiwa, Kinya, aliyekuwa kidato cha tatu, alimkuta stoo ameanguka. Akamfunika shuka, akarudisha mlango. Hawakuwahi kulizungumza. Miaka ilipita kabla Bundi hajajipeleka kwa mshauri Meru mjini, akiaga kwamba anafuata vitabu vya shule.

"Nitagusa midomo tu," alijiambia akioga. Akajicheka kwa uchungu, maana hiyo "tu" aliijua vizuri.

Wageni wakafika, wakala, wakasifu chakula. Bundi hakumeza kitu. Ndipo msemaji wao, Mzee Njuki, akajaza pembe, na harufu ya asali iliyochacha ikatanda sebuleni.

"Binti yetu Kinya, baba yako anywe?"

Kinya hakuwatazama wageni. Alimtazama babake, shati lililolowa jasho, mikono iliyobana magoti.

"Asinywe."

Ai! Shangazi mmoja akapiga yowe. Munyi, mchumba mwenyewe, akainuka nusu, akakaa tena, mdomo wazi. Mzee Njuki akaweka pembe mezani polepole, akaanza kutafuta fimbo yake.

Bundi angeweza kunyamaza. Wangesema msichana ana kichwa kigumu, mambo yaishie hapo. Alijichukia kwa kuwaza hilo, akasimama.

"Ketini, wakwe. Msichana hajamkataa mtu. Ananikinga mimi. Mimi ni mlevi. Nilianzia kwenye stoo hiyo hapo, wakati wa korona, na nikionja hiyo leo, kesho mtanikuta humo." Akamgeukia Gatakaa. "Presha sina."

Gatakaa akajifunika uso kwa leso. Aibu ikamchoma Bundi mpaka masikioni; alitamani kutoka mbio, lakini akaketi.

Mzee Njuki alimwangalia, akaangalia kibuyu, akawaangalia wenzake mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia. Mwishowe akaichukua pembe.

"Haya. Miaka yote hii sijawahi kuuliza mara mbili. Binti yetu, baba yako tumwache. Sisi wengine tunywe?"

"Kunyweni," Kinya akasema, machozi yakimtiririka.

Akaipokea pembe kwa Mzee Njuki, akaonja. Akaibeba pembe kwa mikono miwili, akampita babake bila kusimama, akampelekea baba yake mkubwa, Kailemia, anywe badala yake. Harufu ikamwingia Bundi hadi kooni. Akashika kiti kwa nguvu, watu wote wakimwona, na hakuinuka.