Somo la Wapangaji Wabaya

Nyinyi vijana mnaofundisha wenzenu kanisani, mnachagua kitabu kwa kutazama jalada. Mimi nilichagua kwa kutafuta dhambi, na nikakosea vilevile. Nawaambia ilivyokuwa, halafu mwendelee na kazi yenu.

Miaka ile ya sabini kanisa letu la mabati lilikuwa mtaa wa Kongo, hapa Kawangware, Nairobi. Sisi wenye ploti, yaani nyumba za kupangisha, tulikaa mbele. Wapangaji wetu, wengi wao watu wa kutoka upande wa Ziwa Viktoria, walikaa nyuma. Hakuna aliyewaambia wakae huko. Darasa la vijana tu ndilo lililochanganyika, Jumapili baada ya ibada. Mwalimu wao alikuwa fundi seremala aliyekaa Kibera. Alikuja kwa miguu, na kukiwa na matope alibeba viatu mkononi.

Mchungaji alileta vitabu viwili tuchague kimoja cha darasa hilo. Cha kwanza kilikuwa cha Wazungu, kimejaa theluji na kondoo. Cha pili kilikuwa kipya, kwa Kiswahili cha mjini. Alinipa mimi nivisome kwanza. Kusoma nilijifunza gumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa tayari mama wa watoto, kwa hiyo nilifuata neno kwa kidole. Mchungaji alisema nikielewa mimi, hakuna kijana atakayeshindwa. Sikukasirika. Ilikuwa kweli.

Nilisoma majuma mawili. Nilitafuta pombe, densi, sketi fupi na maneno ya kitandani. Kile kipya hakikuwa nayo. Nikafika kwenye ule mfano wa Yesu, wa mtu aliyepanda mizabibu akakodisha shamba. Biblia yetu inasema alilikodisha kwa wakulima. Mwandishi, ili vijana wa mjini waelewe, shamba aliligeuza ploti, na wakulima akawaita wapangaji. Wapangaji wabaya, waliomnyima mwenye ploti haki yake na kumuua mwanawe. Nilisoma hapo nikitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na vyumba kumi vya kupangisha. Nikamwambia mchungaji kitabu ni safi, kinunuliwe.

Siku ya somo hilo nilikaa nyuma ya darasa nisikie. Mwalimu alisoma mpaka mwisho, akauliza kama kuna swali. Kijana wangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka kumi na minane, akainua mkono.

"Mwalimu, hao wapangaji wabaya tuwatafute wapi? Si ndio hawa tumekaa nao?"

Watoto wa wenye ploti wakacheka. Msichana mmoja akasimama. Alikaa na mama yake katika ploti yangu, chumba cha karibu na choo, na yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo darasani.

"Huyo mwenye ploti wa Biblia alikuwa safarini," akasema. "Wetu yuko hapa hapa, na choo amekipiga kufuli."

Sasa wakacheka wa upande ule mwingine. Yeye hakucheka. Alichukua leso yake akatoka, na vijana wote wa wapangaji wakamfuata. Jumapili iliyofuata benchi zao zilikuwa tupu. Mwalimu akatuambia wanakutana Kibera, na kwamba yeye hafundishi nusu darasa. Wasiporudi mwezi huo, atabaki nao huko.

Wazee wa kanisa walitaka msichana aombe msamaha. Nikawauliza kitabu kilipitishwa na nani. Walijua ni mimi, wakaliacha.

Nilimkuta msichana akifua nje ya chumba chao. Nikamwambia neno lile la wapangaji wabaya nililisoma kwa kidole changu na sikuona ubaya wowote.

Akakamua nguo kwanza. "Ungeonaje, Mama Landilodi? Halikuwa lako."

Nikamwambia basi awe ananisomea yeye, kila Jumamosi, kabla mwalimu hajafundisha. Akisema somo litoke, linatoka.

"Nikusomee wapi? Nimesimama mlangoni, kama tukileta kodi?"

"Mezani."

"Na huyo kijana wako?"

"Atakuwepo."

Akasema atakuja mara moja tu, aone. Habari ya kufuli hakuitaja, na mimi sikuitaja. Kufuli yenyewe ilikaa pale chooni mwaka mwingine mzima.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, niliwakusanya wote wa nyumba yangu, mume wangu akiwemo, nikawaambia: "Jumamosi kuna mtu anakuja kunisomea kitabu. Apewe kiti chenye mto, na chai kabla hajaulizwa neno. Wewe uliyeuliza swali kanisani, chai hiyo utaipika wewe. Na nisisikie mtu akiniita kwamba mpangaji amekuja. Ana jina. Asiyelijua aende akaulize sasa hivi, ndipo arudi ale."