Zuhura Alikuja Kutengeneza Juisi

Usiku ule nililala na njaa, na chakula kilikuwepo. Dada yangu Tatu alikuwa amepika wali na samaki, akaniletea sahani mpaka kitandani kama mgonjwa, nikaigeuzia mgongo. Tangu tumzike Zuhura, mwanangu wa pekee, kila tonge lilinikaa kooni. Watu waliokuja kuhani waliniambia Mungu atanipa subira. Huenda ameshaituma, ila hapa kwetu Muheza ilikuwa bado haijafika.

Ubavuni mwangu alilala Salma, binti wa Zuhura, mtoto ambaye hata shule hajaanza. Namwita mke mwenzangu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, ingawa mume tunayemgombea yuko kaburini siku nyingi. Siku zile hata utani huo ulinishinda. Na Salma naye alikuwa amekataa juisi ya mtu yeyote. Mama yake alizoea kumtengenezea kila Ijumaa juisi ya rangi, ile inayopangwa tabaka juu ya tabaka kwenye glasi ndefu: parachichi chini, halafu embe, halafu stafeli, na rozela nyekundu juu kabisa. Tatu alijaribu, ikatoka kama maji machafu ya mfereji. Mtoto akaitazama, akaisukuma pembeni kwa adabu zake zote. "Nitamsubiri mama," akasema.

Maana hakuwa ameambiwa. Siku ya msiba Tatu alinivuta chumbani akasema, "Mtoto mdogo haambiwi kifo. Mwambieni kwamba mama yake kasafiri." Ndivyo tulivyolelewa sisi, na mimi siku hiyo sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Mwanzo tukasema kaenda Korogwe. Korogwe ni karibu, mtoto akauliza mbona harudi, tukamsogeza mpaka Dar es Salaam, kisha Omani. Mwanangu ambaye uhai wake wote hata Moshi hakuwahi kufika, alikufa ndipo akaanza kutembea dunia.

Basi nikalala, na usingizini nikasikia blenda.

Ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, kama inavyofanya mtu anapoogopa kusaga sana. Nikainuka. Nyumba ilikuwa yetu, lakini ukumbi ulikuwa mrefu kuliko tulivyoujenga, na wote ulinukia stafeli lililoiva. Nilipofika jikoni nikakuta ule mlango wa uani ambao marehemu mume wangu aliuziba kwa matofali uko wazi, na mwanga wa asubuhi unaingia. Zuhura alikuwa amesimama mezani, kanipa mgongo, khanga kaifunga kifuani, nywele zake mbichi kama aliyetoka kuoga.

Sikushangaa. Nilichowaza ni kwamba sokoni leo kumemchelewesha.

Anachota parachichi lililosagwa na maziwa, analiweka chini kabisa ndani ya glasi, analisawazisha kwa kijiko. Kisha anachukua embe. Anageuza kijiko mgongo juu, anakigusisha ukutani mwa glasi, anamimina embe juu ya mgongo wa kijiko, kidogo kidogo, linateremka taratibu na kutulia. Njano inakaa juu ya kijani na haviingiliani. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumgusa. Sikumgusa, nikiogopa asije akaondoka.

"Usiitikise meza, mama," anasema, bila kugeuka.

Ni sauti yake. Si ile ya mwisho, iliyokuwa inatoka kwa taabu. Ni ile ya kila siku, ya kunituma pembeni nisimharibie kazi.

Akafungua friji kuiweka glasi ipate baridi kabla ya tabaka jingine. Mle ndani hamna rafu. Mna ile wodi ya hospitali alimofia. Mna lile benchi nililokalia nikiomba, na muuguzi anakuja kwa hatua za kunyata ananiuliza, "Wewe ndiye mama yake?" Nilitaka kukana. Nilijua nikisema ndiyo ataniambia neno lile. Lakini Zuhura alikuwa amekaa kitandani, mzima, miguu inaning'inia, glasi iko mapajani pake na anamimina stafeli. Jeupe. Nikalitazama lile tabaka jeupe nikaona sanda, kwa kuwa mikono yangu ndiyo iliyosaidia kumvisha. Nikapiga kelele, sauti haikutoka.

Kisha hatumo wodini. Tunatembea kwenye njia ya michungwa inayokwenda makaburini, yeye mbele, mimi nyuma, na yeye anatembea na ile glasi bila kumwaga hata tone. Wanawake waliokuja msibani wamekaa kwenye mikeka kandokando ya njia. Hakuna anayetugeukia.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Sisi tunafundishwa tangu wadogo kwamba marehemu akikujia ndotoni na chakula, usipokee. Ukila chake umekubali kumfuata, na haitachukua muda. Mama yangu alikuwa anatukariria hilo hata tukiwa hatuna maiti wa kumwota. Nikalikumbuka vizuri kabisa, na moyo wangu ukafurahi. Nasema kweli, ulifurahi. Nilitaka kunywa ile juisi yote na kuishia pale. Nilikuwa nimechoka kuamka.

"Nipe, mwanangu," nikamwambia.

"Hii ya Salma."

"Nionjeshe tu. Hata kwa ncha ya kijiko."

Akasimama. Akaiweka glasi juu ya jiwe, akachukua rozela, ile isiyotiwa sukari hata punje. Alikuwa akiniambia zamani kwamba kilicho kitamu ni kizito, huenda chini, na kisichotiwa kitu ndicho kinachoelea. Anamimina polepole mno. Wekundu unatandazika juu ya weupe. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na nilikichukia kwa kuwa hakikuwa changu.

"Ukinywa wewe," akasema, "nani atamwambia?"

"Nani atamwambia nini?"

Akangoja rozela itulie. Ndipo akanigeukia, na uso wake ulikuwa umejaa, mashavu yale yale ya kabla ya ugonjwa.

"Ananiita, mama. Kila Ijumaa namsikia. Mwambie siji."

Nikalia. Nikamwambia amwambie mwenyewe, yeye ndiye mama yake. Nikamwambia mimi hata wali umenishinda, nitaliwezaje hilo. Nikamwambia na mengine ambayo mzazi hamwambii mwanawe, kwamba ameniacha uzeeni na mtoto wa kulea, kwamba angekuwa na huruma angenichukua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Zuhura alikuwa hivyo, hakuwahi kunikata maneno.

"Mtoto anachoka kusubiri," akasema.

Nikaona hatanipa, nikainyakua. Nilihisi baridi ya glasi viganjani. Na kwa ule mkurupuko rangi zikaingiana, wekundu ukazama kwenye weupe, njano ikapanda, kijani kikavuruga vyote, mara glasi nzima ikawa yale maji ya mfereji. Nikaipeleka mdomoni hivyo hivyo. Ilikuwa tupu. Nikainua macho kumtafuta Zuhura, na njia ilikuwa ina michungwa tu.

Nilifumbua macho kumeshapambazuka. Jogoo wa jirani anawika, na mto wangu umelowa. Salma alikuwa amekaa kitako kitandani, ananitazama, macho makavu kabisa.

"Bibi, mama karudi?"

Nikajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Nimekusikia unaongea naye. Umesema Zuhura. Umesema nipe."

Na kabla sijainuka akateleza chini, akakimbilia jikoni miguu mitupu. Nikasikia mlango wa jikoni, nikasikia friji inafunguliwa. Nikamfuata nikishika ukuta. Tatu alikuwa ameinamia birika la chai, akamwona mtoto anavyoangaza huku na huku, akaelewa anamtafuta nani. Akatabasamu lile tabasamu letu la uongo.

"Bado yuko safarini, mwanangu. Omani ni mbali, meli huwa..."

"Tatu, nyamaza," nikasema.

Akaliweka birika chini. Nadhani aliuona uso wangu. Nilikaa chini sakafuni, kwa kuwa nilitaka macho yangu na ya Salma yawe sawa. Nilitamani kuwa kule kwenye michungwa. Natamani mpaka leo, sitadanganya tena mtu. Lakini nilikuwa nimetumwa, na aliyenituma sikuwa na namna ya kumrudishia ujumbe wake.

"Salma," nikamwambia, "mama yako hakusafiri. Mama yako amekufa. Tulimzika. Harudi."

Alisimama ameshika mlango wa friji, ubaridi unamshukia miguuni. Akatazama ndani mara moja zaidi, rafu kwa rafu. Akaufunga polepole.

"Hata sikukuu ya Iddi?" akauliza.

"Hata Iddi."