Mjomba kwa Kiingereza

Miaka yote niliyofundisha Kiingereza huku Kwale, neno lililonikera kuliko mengine halikuwa refu wala gumu. Lilikuwa "uncle", ambalo vijana wa Ukunda siku hizi hulitamka anko na kumpachika yeyote mwenye mvi na gari. Kila mwaka alitokea mtoto akanyoosha mkono na kuuliza: mwalimu, anko yupi, wa kwa mama au wa kwa baba? Nami nilijibu kama kitabu kilivyotaka nijibu, kwamba ni wote wawili, na hata mume wa shangazi yumo. Darasa lilicheka. Kwa mtoto wa Kidigo, kumchanganya mjomba na ami ni sawa na kuchanganya chumvi na sukari kwa kuwa vyote ni vyeupe.

Nilipopata kamusi kubwa, ile ya kubebwa kwa mikono miwili, niliitafuta asili ya neno hilo. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilipata katika Kilatini. Huko mwanzoni lilikuwa la ndugu wa mama peke yake, tena kwa mapenzi: babu mdogo. Ndugu wa baba alikuwa na neno lake jingine. Waingereza wenyewe hapo kale walikuwa na maneno mawili, moja la kuumeni na moja la kukeni, kisha wakayaacha yote mawili yafe, wakabaki na hilo moja la kuazima. Nilisoma, nikafunga kamusi. Sikuona ajabu. Watu wakishaacha kurithi kwa mjomba, hawana tena haja ya kumtenga kwa jina lake.

Sisi tulikuwa hatujaacha. Kitabu changu cha kwanza cha Kiingereza kilikuwa na anko aliyeshuka kwenye treni na peremende mfukoni. Alikunywa chai, akacheza na mbwa, akaondoka zake. Nilimhurumia. Mjomba gani huyo asiye na usemi ndani ya nyumba?

Kwetu, nyuma ya Diani, kando ya njia iendayo Msambweni, baba yangu alikuwa mjomba wa mtu kabla hajawa baba yangu. Dada yake mkubwa alikuwa amefariki akiacha mtoto mmoja wa kiume, na kwa desturi ya wazee wetu mali ya mwanamume haiendi kwa watoto aliowazaa, inakwenda kwa watoto wa dada yake, ili ibaki ndani ya fuko, yaani ukoo wa kwa mama. Binamu yangu huyo alikuwa akija kwetu haombi kitu. Aliingia jikoni akafunua chungu, akachagua kuku wa kuchinjwa, na baba akimtazama kwa raha. Waliitana mjomba kwa mjomba, kama ilivyo kawaida ya mtu na mpwawe. Mbata za minazi ya shamba letu zikiuzwa, ada yake ya shule ndiyo iliyotoka kwanza. Yangu ilifuata kama kumebaki kitu. Nilimwonea wivu mchana na usiku, na sikumpenda, ingawa hajawahi kunikosea hata siku moja.

Mimi nilikuwa mtoto pekee, tena binti. Mama aliiona hesabu hiyo mapema kuliko mimi. Baba alipoanza kukohoa na kukonda, mama alimsihi aite watu wawili watatu wa msikitini, aninuizie shamba mbele yao angali hai, kwa sababu zawadi ya mtu hai haina wa kuipinga. Ndiyo iliyokuwa miaka ya Uhuru. Magari yenye vipaza sauti yalipita Ukunda yakitangaza kwamba ardhi itarudi kwa wenyewe. Baba alicheka mpaka akakohoa, akauliza wenyewe ni nani.

Jibu alilompa mama nililisikia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nakuna nazi mlangoni.

"Shamba hili alinipa mjomba wangu," alisema. "Watoto wake walitoka hapa na vyombo kichwani, mimi nikaingia. Leo nimwambie nani kwamba wa kwangu asitoke?"

Mama aliinuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri. Mimi hasira zilinishika, si kwa baba tu, bali na kwa haki aliyokuwa nayo. Ingekuwa rahisi kumlaumu kama angekuwa ameongopa.

Alifariki mwaka uliofuata, bendera mpya ingali mpya. Siku ya arobaini, baada ya hitima, wazee walibaki barazani kulizungumza shamba. Mama alikuwa edani, akisikiliza nyuma ya pazia. Mimi nilipewa kazi ya kupeleka kahawa, kazi inayomwezesha mtu kusikia yote bila kuulizwa lolote.

Mwalimu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, alieleza sheria ya dini: nusu kwa binti, thumuni kwa mjane, na kilichosalia kwa ami yangu, ndugu wa baba. Ami akaitikia kwa kichwa kwa uchaji mwingi. Wazee wa fuko wakamwambia mwalimu kwamba sheria ni haki, lakini mtu hurithiwa kilicho chake, na shamba lile halikuwa la marehemu. Lilipita mkononi mwake tu. Kijana mmoja wa jirani, karani wa ofisini Kwale, akadakia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Ofisini, alisema, hakuna mjomba wala ami. Kuna anko, na anko mwenye mtoto wake hamrithishi mpwa, na kesi ikifika kwa hakimu ndivyo itakavyoandikwa. Mzee mmoja akamuuliza huyo anko wao huzika? Huposa? Hulipa mpwa wake akivunja mguu wa mtu? Karani akasema hapana, huleta zawadi. Watu wakacheka, hata mwalimu, na nadhani kesi yangu ilikufa pale katika kicheko kile.

Mtu niliyemtegemea alikuwa mjomba wangu mwenyewe, kaka wa mama, aliyetoka pande za Msambweni. Alikaa kimya. Nilimkasirikia, mpaka nilipofahamu kwamba minazi yake na yeye aliipata kwa mjomba wake. Angesema nini? Mkono uliomlisha ndio huo uliokuwa ukininyang'anya.

Basi wazee wakapata dawa. Walisema penye wazee haliharibiki jambo, na kweli dawa yao ilikuwa nzuri kwa kila mtu aliyekuwa pale barazani. Binamu anioe. Shamba litakuwa lake kwa desturi, watoto watakaokulia humo watakuwa wangu, mama hatahama, ami atapewa kitu kidogo cha kumtuliza, na mwalimu wa chuoni hatakuwa na la kukataza. Mmoja akakumbusha kwamba binamu ni nyama ya hamu. Wakacheka tena. Binamu alipoulizwa, alisema atafuata watakavyoamua wazee, kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama anataka kahawa au chai. Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na shule ya bweni Mombasa ilikuwa ifunguliwe baada ya wiki.

Hapo ndipo mjomba wangu alipofungua mdomo. Kuposwa kwangu kulikuwa neno lake, si la ami wala la mtu mwingine pale, na hakuna aliyethubutu kumtangulia. Hakuwauliza wao. Aliniita nikasimama mbele yake na sinia langu.

"Unamtaka?"

Nilijua bei. Nyuma ya pazia alikuwapo mama. Nikimkubali binamu, mama angezeeka kwenye nyumba yake. Nikimkataa, angeishi humo kwa hisani.

"Simtaki," nilisema. "Nataka kurudi shule."

"Mpwa wangu hataki," akawaambia wazee, akaomba kahawa nyingine.

Maneno yakaisha. Hakuna aliyenikaripia, hakuna aliyenisifu. Binamu alitangaza papo hapo kwamba mama yangu hatatolewa, atakaa mpaka Mungu atakapomwita, na alitimiza ahadi yake. Mama mwenyewe hakutaka kwenda kwa kaka yake, ambako nyumba ilikuwa imejaa na wifi alikuwa na ulimi. Mjomba alinichukua mimi, akanilipia bweni lile na yote yaliyofuata, na hata siku moja hakunitajia fedha hizo. Ndiyo maana sikuweza kumfundisha mtoto wa watu kwamba mjomba ni anko bila kusita kidogo.

Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani. Nilimkuta mama ametoka eda, amevaa leso nisiyoijua, anapika mchicha kwa maji matupu. Kwetu mchicha wa maji hupikiwa mgonjwa. Nikamuuliza nazi ziko wapi, na minazi imeuzunguka ua mpaka makuti yanaangukia paa. Akasema mkwezi hajapita, na akipita, binamu humtengea zake. Hakuwa akilalamika. Alisema kama mtu anayeeleza saa ya basi.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Nilimtazama akiokota makumbi ya nazi ya kuwashia moto, akiyaacha yale yaliyokuwa karibu na mlango wa binamu, aliyekuwa amehamia upande aliokuwa akikaa baba. Jioni nilimwambia kwamba binamu bado hajaoa, na kwamba mjomba akiniuliza mara ya pili naweza kumjibu vingine.

Mama alifunika chungu.

"Mimi naomba nazi," alisema. "Wewe ungeomba ruhusa ya kuvuka huo mlango mpaka uzeeke. Shule inafunguliwa lini?"

Nikamtajia siku. Akanipa kikapu, akanituma kwa binamu nikamwombee nazi mbili, kwa kuwa leo yeye ana mgeni, ndiye mimi. Nikaenda, nikapiga hodi kwenye mlango wa baba yangu, nikaomba.