Nilimtisha mdogo wangu kwa gemu la katuni za kale, aliyefukuzwa nyumbani ni bibi

Wakuu, naanza na ujinga wangu kabisa ili msije mkanionea huruma huko mbele.

Nilimvalisha mdogo wangu Kevi headphone, nikaweka sauti mpaka mwisho, nikamwachia gemu la kutisha, halafu nikashika simu nimrekodi akilia. Ana miaka sita. Nilitaka wana wacheke kwenye group.

Ndiyo hivyo. Jumamosi, saa nane mchana, jua la Kimara linapika bati.

Mlionizidi umri shikamooni, wa rika langu niaje. Mie niko form four, shuleni najulikana kwa vituko kuliko kwa maksi. Kwa hiyo nikisema hii siyo chai najua wapo watakaoguna. Guneni tu. Sina nguvu ya kutunga.

Sasa gemu lenyewe.

Watu wa magemu mnajua kuna haya yanayotengenezwa na washkaji wawili watatu chumbani kwao, siyo makampuni makubwa. Hili wamelichora kama zile katuni za kale kabisa, za enzi ya nyeusi na nyeupe. Mikono kama mpira wa kumwagilia bustani, haina kiwiko. Glovu nyeupe. Kila kitu kinanesanesa kwa mdundo, mpaka viti, mpaka masufuria. Picha ina michirizi kama mkanda uliochakaa.

Ukilicheza, wewe ni fundi mitambo kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa. Kuna katuni moja imetoka kwenye pazia, inazunguka humo ndani. Ni kibibi mpishi. Mashavu ya duara, anatabasamu muda wote, anapiga mluzi. Jicho moja jeusi. La pili aliyemchora kalifuta, limebaki jeupe tupu.

Akipiga mluzi, uko salama. Mluzi ukikata, yuko nyuma yako.

Mie mwenyewe lilinitoa jasho, na najiitaga mgumu. Nikasema hili lazima dogo aonje.

Laptop ilikuwa ya mama. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, anaitumia kutungia mitihani, tumekatazwa hata kuifuta vumbi. Siku hiyo alikuwa kwenye kitchen party ya mwalimu mwenzake. Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikambebesha Kevi laptop mapajani.

Mluzi ulipokata, dogo hakuangalia tena kwenye laptop. Aligeuka nyuma mzima mzima, kwenye chumba chetu wenyewe.

Na mlangoni alikuwa amesimama bibi, kaja kuuliza kwa nini tumejifungia gizani mchana wote ule.

Wakuu, hapa inabidi mumjue bibi.

Ni mama yake baba. Alitoka kijijini huko Njombe, alikuja Dar kutibiwa macho. Jicho la kushoto lilishafunikwa na mtoto wa jicho, jeupe kama mtindi. La kulia nalo lilikuwa limeanza ukungu. Hospitali walimpangia tarehe ya upasuaji, zilikuwa zimebaki wiki tatu, na daktari alisema msicheleweshe.

Baba ni dereva wa malori, safari za Zambia, anaonekana nyumbani kama mgeni. Kwa hiyo aliyekuwa anambeba bibi ni mama. Anamshika mkono mpaka chooni, anamuogesha, anamchagulia miiba kwenye samaki, ndipo anakimbilia kipindi cha kwanza.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Alikuwa ananiita "mume wangu". Asubuhi lazima aulize, "Mume wangu, umeniletea nini?" Nami namjibu, "Nimekuletea mke mwenzio."

Basi Kevi alimwona bibi mlangoni, jicho jeupe lile, giza lile. Hakulia. Alitoa ukelele mmoja tu, akajikojolea, akawa kama amezimwa. Siku mbili hakuongea neno.

Video nikairusha group. Walicheka mpaka nikajiona nyota.

Siku ya tatu dogo akaanza kuongea, heri angenyamaza. Akimwona bibi anapanda juu ya kochi anatetemeka. Bibi akimmenyea chungwa hali. Mama akamuuliza, "Kevi baba, bibi kakufanya nini?"

Akajibu, "Akinyamaza tu, ananishika."

Mie niliyekuwa nimekaa pembeni nilielewa pale pale. Hiyo ni sheria ya gemu. Ila jirani yetu Mama Neema alikuwepo, akaweka kikombe chini taratibu.

"Dada," akamwambia mama, "mtoto hajui kudanganya. Watoto wanaona."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Laptop ya mama, kuchapwa mkanda, mtihani wa taifa umekaribia, nikajipa sababu zote. Nikasema itapoa.

Haikupoa. Ijumaa jioni Mama Neema akamleta mtumishi wa Mungu na kikundi chake cha maombi. Sebule ilijaa. Mtumishi akamshika Kevi kichwani, akauliza kwa sauti, "Nani anakusumbua? Muonyeshe!"

Dogo akanyoosha kidole kwa bibi.

Watu wakapiga magoti, wakalipuka kwa maombi. Nami nikapiga goti, wakuu. Niambieni, watu kumi wameshapiga magoti, wanalia, jasho linawatoka, unawasimamishaje uwaambie ni gemu?

Najua jibu. Unasimama unasema. Lakini nalijua leo.

Bibi alikuwa kakaa kwenye mkeka wake, kanyoosha miguu. Aliwaacha wamalize. Halafu akasema, "Jamani, mie ningekuwa mchawi si ningeanza na hili jicho langu?"

Ilikuwa bonge la utani. Hakucheka mtu. Mie nilitaka kucheka, nikameza.

Kesho yake mama akampigia baba, nikamsikia kwa masikio yangu: "Mama kapakumbuka nyumbani, anataka kurudi." Baba akauliza habari ya hospitali. Mama akajibu, "Tutaomba tarehe nyingine."

Bibi hakubisha. Alisema mtoto akishakulilia namna ile, huna nyumba tena. Akakunja vitu vyake mwenyewe, kwa kupapasa.

Kumsindikiza stendi ya mabasi ya Mbezi Luis nikatumwa mie. Kama vile Mungu kaniwekea kiti nikae niseme.

Kanishika kiwiko, tunatafuta gari lake. Haoni namba, namsomea mie. Tukakaa kwenye benchi karibu nusu saa. Maneno yote yako mdomoni: bibi, ni mie, rudi nyumbani. Yeye ndiye akaanza.

"Mume wangu, mbona leo hunitanii? Au umeshapata mwingine?"

Nikajibu, "Nimepata, ana meno yote."

Alicheka mpaka akakohoa. Akapanda gari, kondakta akamshika mkono, gari likaondoka.

Nilikuwa na ukweli ambao ungemrudisha nyumbani, nikampa utani. Nimekuwa mchekeshaji tangu darasa la tatu. Siku ile ndiyo nilijua kuchekesha ni mahali pa kujificha tu.

Mnadhani Kevi alipona? Atapona vipi wakati bibi hakuwa na kosa? Aliendelea kuruka kila mtu akinyamaza ghafla. Hata redio ikizimwa analia. Mama Neema akasema kikongwe kaacha kitu. Wakatoa godoro lake, wakatoa na kanga mbili alizosahau kambani, wakachoma nyuma ya nyumba. Nilisimama pale natazama kanga inavyojikunja kwenye moto, nikaendelea kunyamaza. Sijui nimeumbwa na nini.

Kilichonivunja ni simu. Bibi alipiga wiki moja baada ya ile tarehe ya upasuaji kupita, kwa simu ya jirani yake kule kijijini. Hakulalamika. Alisema tu kwamba la kulia nalo linafunga, asubuhi ile kamimina uji nje ya kikombe, kajiunguza paja. Kisha akauliza, "Mdogo wako anakula siku hizi?"

Nikampa mama simu, nikatoka nje.

Jioni ile, mama anasahihisha madaftari, nikamwekea simu mbele yake, video imefunguliwa. Nikamwambia yote. Gemu, blanketi, laptop, group. Nikawasha na gemu akamwona yule kibibi anavyotembea na mluzi wake.

Somo? Wakuu, sina la maana. Ukiharibu, sema siku ile ile, kabla watu hawajapiga magoti. Ukichelewa, hata ukisema hakuna kinachorudi. Bibi kakataa kurudi Dar. Kasema atafia kwake, hataki kumliza mtoto. Baba bado hajui chochote.

Naomba wenye uelewa wanisaidie mambo mawili. Mtoto wa jicho akikomaa sana, bado anatolewa na mtu anaona? Na dogo wa miaka sita hofu kama hii inamtokaje? Mnaotaka kunitukana anzeni nyie, nitasoma zote, ila mkimaliza nijibuni.

Mtaniuliza nilichapwa fimbo ngapi. Hata moja. Nilipiga magoti mwenyewe, nimeshautoa mkanda wangu kiunoni nimeuweka juu ya madaftari yake. Mama aliitazama video mara mbili. Ya pili aliisimamisha pale bibi anapotokea mlangoni, akaitazama sura yake muda mrefu. Halafu akanirudishia simu, akachukua kalamu yake nyekundu, akasema bila kuniangalia:

"Nilijua hana uchawi. Nilichoka tu, mwanangu. Nenda kale, chakula kiko kwenye hotpot."